Kioo chenye Staha

1

Duka la Shaweji lilikuwa na kila kitu cha kurushia droni: rimoti, mapanga ya akiba, betri, vishikio vya kila saizi, na mama mkwe.

Mama mkwe alikaa karibu na mlango kwenye kiti cha plastiki, anapepeta mchele. Kazi yake dukani ilikuwa kuitwa.

"Sasa angalieni," Shaweji alisema, akasimamisha tableti juu ya kaunta na kuweka filamu. Kijana na msichana walikuwa wamesimama kituo cha treni. Wakasogeleana. Midomo ikakutana.

Oswin Matimbwa alijifanya anasoma bei za betri. Yeye ni fundi wa video za harusi, ameshaona mabusu ya kutosha kujaza gunia, lakini aliyesimama naye alikuwa Mzee Lipangile, mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kijiji cha Mkasu, mtu wa rika la baba yake.

"Bado hamjaona kitu," Shaweji alisema. "Mama! Njoo mara moja."

Mama mkwe akaja na ungo wake. Macho yake yalipofika tu mbele ya kioo, wale wawili wakawa wanashikana mikono kama watu waliokubaliana mpaka wa shamba. Hakuna aliyeona walivyobadilika. Treni ilikuwa palepale, na mtu aliyebeba sanduku nyuma yao aliendelea kutembea.

"Asante mama."

"Leo wa ngapi hawa?" mama mkwe aliuliza, akarudi kwenye mchele wake bila kungoja jibu.

Mzee Lipangile aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Wameenda wapi?"

"Wapo. Hii inaitwa Staha, mzee wangu. Kikamera hiki cha mbele kinahesabu macho. Kinajua nani mtoto, nani mtu mzima, nani mkwe wa nani, kwa namba zenu za vitambulisho. Yakikaa pamoja macho yasiyotakiwa kuona kitu pamoja, kitu hicho hakionekani. Toleo la zamani lilikuwa linaweka ukungu. Ukungu ndio ulikuwa unachokoza! Kila mtu anajua chini yake kuna nini. Mtoto anauliza, baba anakohoa, mama anakumbuka mboga jikoni. Hii haikwaruzi mtu. Busu inaligeuza salamu. Aibu ikizidi inamtoa mwenyewe mzima, inachora kilichopo nyuma yake. Ukuta, majani, mawingu, chochote."

"Na nguo?" Oswin aliuliza.

"Nguo inabaki. Nguo ina kosa gani?"

Oswin alicheka, lakini mkononi alikuwa ameshika simu, na alikuwa hajaiachia tangu aingie. Aliigeuza kuelekea jua la mlangoni. Kioo kilikuwa kinasomeka vizuri kabisa. Akaibana kwenye kishikio cha rimoti, ikakaa kama imezaliwa humo.

"Mwenyekiti, kwa kazi yetu mimi nasema simu. Mwanga wake unashinda jua la saa saba. Nyepesi. Tableti ukiikalisha juani saa nzima inachemka, halafu inajizima kama mke aliyesusa. Na itabidi tumwone mchomeleaji atutengenezee kishikio, maana vya rimoti haviifikii. Nitaivaa shingoni kama muuza mayai."

"Simu hiyo ina Staha?"

"Ipo," Shaweji alidakia. "Ila simu anatazama mtu mmoja. Mtu mzima akiwa peke yake amwonee aibu nani? Inamwonesha kila kitu."

"Mmoja," Mzee Lipangile alisema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini Oswin alijua simu imeshashindwa.

Mafuriko yaliyopita kamati iliazima mrushaji na simu yake. Akawa anainamia kioo peke yake na kuwaambia wenzake anachokiona: hapa hakuna mtu, hapa maji matupu, twende kule. Maji yalipokauka ukoo mmoja ukasema alianza na mashamba ya shemeji zake, mwingine ukasema aliona mtu akanyamaza. Mpaka leo kuna watu Mkasu hawazikani kwa ajili ya kile kioo cha kiganja.

"Jicho la mmoja lina ndugu," Mzee Lipangile alisema. "Macho ya wote hayana. Tunachukua kubwa. Kamati nzima isimame, ione, isije ikasemwa tena."

"Sawa mwenyekiti. Tufungue sinema."

"Wewe Oswin, na hayo masihara yako."

Shaweji alikuwa ameshaanza kufunga boksi. "Mkitaka kuiondoa Staha mbele ya watu, inawezekana. Kila anayetazama aseme kwa mdomo wake, kwa sauti: nakubali kuona. Mmoja akinyamaza, imeshindikana."

"Na nani atasema hivyo mbele ya mkwewe?"

"Hakuna, mzee wangu. Ndiyo maana zinatoka kama maandazi."

2

Maji yalikuja msimu wa kulinda ndege, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa. Tuta la shamba kubwa la huko juu lilipasuka kabla watu hawajapiga mswaki. Waliokuwa kijijini walikimbilia kilima cha kanisa. Waliokuwa madunguni, kwenye vile vibanda vya miti mirefu katikati ya mpunga, hawakuwa na pa kukimbilia.

Dungu la Mzee Lipangile lilikuwa na watu wawili: mke wake, Bibi Teofora, na mkwewe Gaudensia, mke wa mwanawe Fulgens. Fulgens mwenyewe alikuwa migodini, na barabara ilishakatika.

Asubuhi hiyohiyo droni ikapaa kutoka uwanja wa kanisa. Oswin alisimama katikati, rimoti mkononi, tableti mbele yake juu ya kishikio cha nondo alichochomelewa, mkanda ukimkata shingo. Kamati yote ilimzunguka chini ya mwavuli mmoja wa harusi, ule mkubwa wenye nembo ya soda, ili kioo kisichemke. Vichwa viligongana. Kulikuwa na wakwe, mashemeji, Katekista Bonaventura, na Shangazi Eufrasia, dada wa mwenyekiti, aliyekuwa amebeba biskuti za kamati na hakumpa mtu. Mkasu huwezi kukusanya watu watano wasio na ukwe kati yao.

"Ondoa kichwa, katekista. Hata Mungu haoni."

"Hiyo nini, hiyo nyeupe?"

"Bati."

"Ng'ombe yule!"

"Gogo, mama."

Walifika lilipokuwa dungu. Nguzo nne zilisimama majini, juu hakuna kitu. Oswin akasogeza droni kufuata mkondo, polepole, mpaka kwenye mkuyu mkubwa wa mpakani mwa mashamba. Maji yalikuwa yameumeza mpaka kiunoni.

Kileleni, kwenye tawi la juu kabisa, kulikuwa na kanga.

"Ya Gaude," Shangazi Eufrasia alisema. "Ile ya njano. Wifi ndiye aliyempa siku anaingia nyumbani."

Oswin akazunguka mti. Kileleni palikuwa na majani matupu, yametulia, yanang'aa kwa maji kama yamepakwa mafuta. Kanga ilikuwa inapepea. Akazunguka tena, akashusha droni kidogo. Kanga ikapepea zaidi.

"Mbona inapepea hivyo?" Katekista aliuliza.

"Upepo wa mapanga," Oswin alisema. "Droni ikisogea inapuliza."

Alilisema kama fundi anavyosema, bila kufikiri. Kioo kilikuwa kimeanza kuonya kwamba kimepata joto. Betri ilikuwa imeshuka nusu. Watu wote wakamgeukia Mzee Lipangile, na mzee aliitazama ile nguo.

"Mwenye nguo kashakwenda," alisema. "Oswin, ondoka hapo. Usikae kwa sababu ni wangu. Kuna wazima huko mbele, watafute hao."

Katekista akafanya ishara ya msalaba. Baadaye watu walilisimulia sana neno hilo la mwenyekiti, kwamba kiongozi ndiye yule, aliyeacha mti wa nyumba yake akaenda kutafuta watoto wa wenzake. Na kweli siku hiyo walipata watu, kwenye paa la ghala na kwenye kichuguu. Walipiga makofi chini ya mwavuli.

3

Boti la waokoaji lilipita kwenye mkuyu kesho yake.

Gaudensia alikuwa hai. Alikuwa ameketi kwenye panda ya mti, chini kidogo, ndani ya majani, amejifunga ile kanga ya njano. Alikuwa amemkumbatia mama mkwe wake. Bibi Teofora alikuwa amefungwa kwenye shina kwa vitenge viwili na blauzi ya Gaudensia, vimezungushwa vizuri kama mtoto mgongoni. Alikuwa amekufa kwa baridi, usiku.

Waliposhushwa kwenye kilima cha kanisa, Gaudensia alimwona Oswin na rimoti yake. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka inapasuka.

"Shem," alisema, kama alivyozoea kumwita rafiki huyu wa mumewe. "Mbona mlinizunguka mkaondoka?"

Oswin alidhani ni homa.

Lakini homa ilipoisha alisema vilevile, na akasema kwa kila aliyemuuliza. Ndege yenu ilikuja. Ilizunguka mara mbili. Mimi nilikuwa kileleni, nilipanda ili mnione. Nilikuwa napunga. Mkaondoka.

Na kamati nzima ilikuwa imesimama pale, kwa macho yake, kama mwenyekiti alivyotaka. Wote waliona. Hapakuwa na mtu.

Ndipo maneno yakaanza. Hayakuanza kwa ubaya, maneno ya msibani huanza kwa kumenya ndizi. Mmoja akasema labda alizimia. Mwingine akasema aliyezimia hapandi mti. Shangazi Eufrasia akauliza, akiwa amekamata kisu, huyu kijana mwenye nguvu zake amekaa kutwa nzima anafanya nini mpaka wifi yangu akafa na baridi? Alijificha kwenye majani, akaona haya ya kukaa kimya, akatunga uongo wa ndege. Wakati wa jioni uongo ulishakuwa jambo linalojulikana. Siku ya kuanua tanga ukoo ungekaa, na kila mtu alijua utakaa juu ya nini. Fulgens alipiga simu kutoka huko alikokwama, akaongea na baba yake. Hakuomba apewe mkewe.

Mzee Lipangile alimwita Oswin. "Ile picha ya mti," alisema. "Nitengenezee, ioneshwe siku ya tanga. Watu waone tulitafuta. Nisije nikalala na neno la yule binti."

"Sawa, mwenyekiti."

Tableti ilikuwa ofisi ya kijiji. Oswin alitoa kadi kwenye droni, akaichomeka kwenye simu yake mwenyewe, ile ya zamani yenye ufa, akakaa nyuma ya nyumba kwenye benchi la kufulia. Staha ipo kwenye kioo. Droni yenyewe haijui aibu, inarekodi inachokiona. Na mbele ya simu ile kulikuwa na mtu mmoja, mwanamume wa miaka hamsini na ushee, peke yake.

Mkuyu ukaja. Kwenye kilele, amesimama juu ya tawi, mguu mmoja umekunjwa kwenye panda, alikuwapo Gaudensia.

Hakuwa na kitu mwilini. Nguo zote alikuwa amemfungia mama mkwe. Ilikuwa imebaki kanga moja, na hiyo alikuwa ameivua ili apunge nayo. Alikuwa anaipunga kwa mkono wa kulia, mdomo wazi, anaita. Droni ilipozunguka, akazunguka nayo. Iliposhuka, akaona imemwona, akacheka. Oswin alimwona anacheka. Akahamishia kanga mkono wa kushoto.

Halafu picha ikageuka kuelekea kwenye ghala.

Oswin Matimbwa, ambaye hata kwenye msiba wa baba yake mzazi aliwahi kuwachekesha wachimba kaburi, alibaki benchini akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

4

Alimkuta Gaudensia jikoni kwa nje, peke yake na masufuria ya msiba. Wanawake wengine walikuwa upande wa pili wa uwanja.

"Shem, karibu. Usinikaribie sana, utaambukizwa uongo."

"Gaude." Alivuta kigoda. "Nimeiona."

Mkono wa Gaudensia ulisimama ndani ya sufuria. "Umeiona nini?"

"Ile tableti. Tulikuwa wengi. Ilikutoa. Ilibakisha kanga, ikachora majani. Kwenye kadi upo."

Alimwaga maji, akasugua tena sufuria iliyokwisha kutakata.

"Upo vipi?"

"Upo... ulivyokuwa."

"Umeona yote."

"Nimeangalia uso."

"Muongo wewe." Alitaka kucheka kama zamani, walipokuwa wakitaniana shemeji kwa shemeji mpaka Fulgens akawafukuza barazani. Hakikutoka kicheko. "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Gaude, baba anataka ioneshwe siku ya tanga. Ikioneshwa kwenye kile kioo chao, wataona mti mtupu, na wewe utaondoka hapa ukiitwa muuaji. Nikiiweka ioneshe ukweli, itabidi kila mtu aseme anakubali kuona. Na yeye baba aseme. Wakisema, wataona. Nikiifuta, yameisha, hakuna atakayekuona milele. Na hakuna atakayekuamini."

"Kwa hiyo umekuja kunikaribisha nichague."

"Nimekuja kwa sababu sijui."

"Ulipokuwa unajua ulisema upepo. Katekista kaniambia. Fundi kasema upepo."

Oswin aliyainamia masufuria.

"Hakukuwa na upepo siku ile, shem. Palikuwa kimya, jani halitikisiki. Ndege yenu niliisikia tangu iko kanisani. Nikamwambia mama, wanakuja. Akasema panda, mwanangu, mimi niache. Nikamwambia, nitapandaje na kanga moja, baba atakuwa anatazama. Unajua alinijibu nini? Akasema, mume wangu namjua, akiona mtu atashukuru Mungu, hataangalia nguo."

Alifunika sufuria.

"Nikavua. Mbele ya baba mkwe wangu, mbele ya katekista aliyenifundisha sala. Nikasema potelea mbali, nionekane. Na kumbe nilipovua ndipo nilipopotea. Ningejifunga kanga yangu nikakaa kama mjinga, mngeniona."

"Vijiji vyote vya mtoni vimenunua vioo hivyohivyo," Oswin alisema. "Mvua bado zipo. Wakiona hii, watavitupa."

"Kwa hiyo bonde zima lije linitazame, ndipo lipone." Sasa alimwangalia. "Halafu mimi nibaki na nini? Nimpakulie mzee chakula, yeye ameshaniona? Nipite sokoni? Hata mimi mwenyewe, shem, ukinionesha sitaweza."

"Niifute?"

"Usifute." Alijifuta mikono. "Siku ya tanga walete kioo chao. Kama kilivyo. Usiondoe chochote."

"Gaude, hiyo itakumaliza."

"Nimekaa kutwa na kucha kwenye mti na maiti. Nitamalizwa na nini?"

5

Tanga lilianuliwa kwa misa fupi. Baada ya chakula wageni wakaaga, wakabaki ukoo na kamati. Tableti iliwekwa juu ya kiti barazani, imeegemezwa kwenye ndoo. Gaudensia alikaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, na kifurushi chake kidogo kando. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za kuazima. Ile kanga ya njano aliikunja mapajani.

Shangazi Eufrasia ndiye aliyefungua. "Hatuna ugomvi na mtu. Tunataka tuambiwe wifi yetu alikufaje, na ndege iliyopungiwa ni ipi."

"Onesha, Oswin," Mzee Lipangile alisema.

Oswin akabonyeza. Vichwa vikasogea. Kikamera cha mbele kikahesabu macho yao. Mkuyu ukaja na kilele chake, majani matupu, na nguo ya njano.

"Hiyo hapo," Shangazi alisema. "Mtu yuko wapi? Nioneshe mtu."

Mdomo wa Oswin ulikuwa wazi tayari. Alikuwa na maneno yote: kadi, Staha, nakubali kuona. Alimtazama Gaudensia, na Gaudensia akamkatalia kwa kichwa.

"Shangazi," Gaudensia alisema kutoka mkekani, "usitafute mtu. Angalia kanga."

"Tunaiona. Inapepea."

"Angalia majani."

Wakaangalia. Oswin naye akaangalia, mara ya kwanza kwa macho yasiyokuwa ya fundi. Majani ya mkuyu yalikuwa yametulia kabisa, jani juu ya jani. Matone yalikuwa yamekaa juu yake bila kudondoka. Na katikati ya utulivu ule kanga ilikuwa inakwenda kulia, inakwenda kushoto, inakwenda kulia. Ilishuka ikapumzika kidogo. Ikapanda tena, safari hii kwa upande wa pili, kama inavyokuwa mkono ukichoka. Droni ilipozunguka, kanga nayo ikaizungukia. Ilikuwa inawageukia wao. Droni iliposhuka, ikapunga kwa haraka haraka, kama mtu aliyefurahi.

Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyekumbuka mboga jikoni.

"Yesu wangu," Katekista alisema taratibu. "Mimi niliuliza. Si niliuliza?"

Shangazi Eufrasia alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kitenge. Kwenye kioo droni iligeuka kuelekea ghalani, na kwenye pembe ya picha, kabla mti haujatoka, ile nguo ya njano iliacha kupunga. Ikaning'inia.

Mzee Lipangile alisimama. Ilimchukua muda. Alishika kiti kwa mkono mmoja, akakitazama kioo, akatazama miguuni mwake, na wote walielewa anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Alikuwa mtu wa haki. Kama kuna ushahidi, ataupokea wote, hata ukimuua.

"Naku..." alianza.

"Usiseme, baba," Gaudensia alisema. Alikuwa amesimama. "Ya nini? Uliniona siku ileile."

Alikuja mpaka kwenye kiti, akaikunjua ile kanga aliyopewa na mama mkwe wake, akaifunika tableti kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anavyofunikwa. Kikamera kikakosa macho. Mwanga ukaonekana kidogo kupitia kitambaa, halafu kioo kikajizima.

Akachukua kifurushi chake.

"Mkwe," Shangazi Eufrasia alisema, na sauti ilikuwa imebadilika yote. "Mwanangu, unakwenda wapi sasa? Si yameisha? Keti."

"Kwetu, shangazi. Hatuna kioo huko. Tunatazamana."

Alipiga goti kidogo mbele ya mzee, kama mkwe anavyoaga, bila kumwangalia usoni. Akashuka barazani. Walimsindikiza kwa macho mpaka akapita kona ya kanisa, watu wote, pamoja, na hakuna aliyenyanyuka.

Mzee Lipangile alirudi kukaa. Alinyoosha mkono kwenye ile kanga, akaurudisha kabla haujagusa.

"Oswin."

"Mwenyekiti."

"Ulisema ni upepo."

"Nilisema ni upepo."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole. Nje jua lilikuwa kali na kimya, na pindo la kanga lilining'inia kwenye ncha ya kiti bila kutikisika.

"Na mimi nikasema ondoka," alisema.